Kuku wa Mbarara wanakula lishe ya watoto wa Nakivale

Karatasi tuliyogawiwa kwenye somo la lishe ilikuwa na picha mbili: kipande cha jibini na sahani ya kamba wa baharini. Chini yake kulikuwa na jedwali la protini, mafuta na chumvi, kisha swali kwa herufi kubwa: kipi bora kwa afya yako? Kijana aliyeileta alikuwa na adabu zake, na sina shaka alichapisha tu alichopewa. Akina mama wa Kabazana waliipokea, wakashukuru, na kesho yake nikaiona sokoni imefungiwa chumvi.

Mimi niliisoma mpaka mwisho. Baba yangu alikuwa fundi wa jibini katika vilima vya Masisi, Kivu Kaskazini nchini Kongo, na mimi leo nauza mukene, wale dagaa wa Ziwa Victoria, hapa Kabazana, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Karo yangu ililipwa kwa jibini. Karo ya wanangu inalipwa kwa dagaa. Kwa hiyo swali lile linanihusu kuliko aliyelitunga alivyodhani.

Hesabu yenyewe haina ubaya. Chukua gramu 100 za jibini gumu la aina ya cheddar. Utapata kalori 400 hivi, protini kati ya gramu 23 na 25, mafuta gramu 33, na kalsiamu inayozidi miligramu 700. Chukua uzito huo huo wa kamba waliochemshwa: kalori 99, protini gramu 24, mafuta hayafiki hata gramu moja, kalsiamu kama miligramu 70. Yaani kwa protini vinalingana. Tofauti iko kwenye mafuta. Karibu robo tatu ya nguvu ya jibini inatoka humo, na zaidi ya nusu ya mafuta hayo ni yale mazito yanayoganda, ambayo madaktari wa moyo hawayapendi. Kamba naye ana lehemu, karibu mara mbili ya jibini, na zamani watu walimkimbia kwa sababu hiyo. Siku hizi wataalamu wanasema kinachopandisha lehemu ya damu zaidi ni mafuta mazito, si lehemu iliyomo kwenye chakula. Kuna na chumvi. Jibini hilo lina sodiamu zaidi ya miligramu 600, na Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima asifikishe 2,000 kwa siku nzima.

Lakini anayekula ni nani? Mfanyabiashara wa mjini Mbarara mwenye kitambi na presha, anayeshinda kwenye kiti na kurudi nyumbani kwa gari, huyo nitamshauri kamba bila kusita. Mtoto wa miaka miwili kule mtaa wa New Congo, hapa Nakivale, ambaye utepe wa kupimia mkono unakaribia rangi nyekundu ya utapiamlo, huyo mafuta ya jibini ndiyo hasa anayoyataka. Tumbo lake ni dogo, hawezi kujazwa uji mara sita kwa siku, na kila tonge lenye nguvu nyingi ni faida kwake. Jibini lina vitamini A, ambayo kamba karibu hana. Na kwa sisi ambao maziwa mabichi hutuvuruga tumbo (Wakongo wengi wa koo za wakulima tuko hivyo), jibini lililokomaa halitusumbui, kwa sababu sukari ya maziwa imeondoka na maji yake, na iliyobaki imeliwa na vijidudu wakati jibini linakomaa. Kamba ana iodini na seleniamu za kutosha, ila wapo watu ambao wakimwonja tu midomo inavimba na pumzi inabana.

Kwenye karatasi, basi, ni sare. Kinachonikera ni kile ambacho karatasi haikukitaja, nacho ni damu. Madini ya chuma katika jibini karibu hayapo. Kamba waliochemshwa wana kama nusu miligramu kwa gramu 100, na mtoto wa miaka miwili anahitaji miligramu 6 au 7 kila siku. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2016 ulikuta asilimia 53 ya watoto wadogo wa Uganda wana upungufu wa damu, na asilimia 29 ya walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Ankole, eneo letu hili, nchi ya maziwa, haikusalimika. Ng'ombe wa pembe ndefu wanapita barabarani mpaka magari yanawasubiri, kiwanda cha maziwa cha Lato pale Mbarara kinapakia maziwa ya kuuzwa nje ya nchi, na bado watoto wafupi kuliko umri wao wapo, wa wenyeji na wa wakimbizi.

Maziwa nayo karibu hayana chuma. Mtoto anayeshibishwa maziwa na ndizi peke yake hupauka viganja. Tena tukimpa chai ya maziwa pamoja na maharage, tunaharibu hata kile kidogo kilichomo kwenye maharage, kwa kuwa majani ya chai yanakifunga chuma kisiingie mwilini, na kalsiamu nyingi nayo inakizuia. Jambo hili nalisema sana pale mezani kwangu, na wateja wanacheka kwamba naisema chai vibaya kwa sababu siuzi majani.

Nije basi kwa mukene, na niseme mapema kwamba nina masilahi. Samaki huyu hakuwamo kwenye jedwali la yule kijana. Urefu wake ni kama sentimita tano, na huliwa mzima: kichwa, macho, mifupa, utumbo. Uzuri wake uko hapo. Aliyekauka vizuri, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini. Kalsiamu yake, kwa sababu ya mifupa, inazidi ya jibini zaidi ya mara mbili. Ana chuma, ana zinki, ana vitamini B12 na mafuta ya samaki yanayofaa ubongo wa mtoto. Juu ya hayo, akichanganywa na maharage anakisaidia chuma cha maharage kupita na kuingia kwenye damu. Kumlinganisha dagaa mkavu na kamba mwenye maji si haki, najua. Mizani ya haki ingemweka kando ya uduvi mkavu wa watu wa pwani, na hapo tofauti ingepungua. Lakini sijawahi kuona mama wa Nakivale akinunua uduvi wa Mombasa.

Uduvi tulio nao sisi ni mwingine. Ukimwaga gunia la mukene kwenye turubai utauona, mwekundu kidogo, mdogo sana, umechanganyika na samaki. Wataalamu wanauita Caridina nilotica, na unaishi humo humo Ziwa Victoria. Sangara walipopandikizwa katika ziwa lile miaka ya 1950 na 1960, kisha wakawamaliza wengi wa samaki wadogo waitwao furu, uduvi na mukene ndio waliopata nafasi ya kuzaana. Sangara mdogo anakua kwa kula uduvi huo, akinenepa anakatwa minofu na kupandishwa ndege kwenda Ulaya. Kwa hiyo kamba wetu wanaliwa na Wazungu, ila wakiwa wamepitia tumbo la samaki mwingine. Wanaobaki kwenye nyavu za dagaa wanakwenda kwa kuku.

Na si wao peke yao. Sehemu kubwa ya mukene wa Uganda haifiki kwenye sufuria ya mtu yeyote. Inasagwa, inachanganywa na pumba za mahindi, inalishwa kuku wa mayai na nyama, na nguruwe. Mkulima wa kuku pale Mbarara ananunua kwa magunia, analipa taslimu, na hajali mchanga. Ndiyo maana wavuvi wengi wanaendelea kuwamwaga samaki chini ufukweni, wanakauka kwenye mchanga, juu yake mbwa anapita na mbuzi anajisaidia. Wale wanaoanikwa juu ya chanja za wavu, wasafi, wanang'aa kama sarafu mpya, wanagharimu zaidi na kazi yake ni kubwa, na mnunuzi wa kuku hana sababu ya kuilipia. Mama wa Nakivale anayo sababu, lakini hana fedha.

Mteja akija kwangu namwonyesha namna ya kupima. Chukua konzi moja, usugue kati ya viganja, kisha fungua. Wa mchanga wanaacha vumbi la kijivu na chembe zinazokwaruza. Wa chanja wanaacha magamba membamba na mafuta kidogo. Vunja mmoja kati: akikatika kwa mlio amekauka, akipinda bado ana maji na baada ya wiki ataota ukungu. Nusa tumboni mwake. Harufu ya samaki ni sawa, harufu ya mafuta ya taa au uchachu si sawa. Na akinunua wa mchanga kwa sababu ndicho alichoweza, nampa masharti: maji ya vuguvugu, mara tatu, na asimimine maji kwa kuinamisha beseni pamoja na samaki, awainue samaki kwa mikono na kuuacha mchanga chini.

Mzee mmoja Msabato, mtu wa Rutshuru, alinijia na swali ambalo hakuna karatasi ya lishe iliyowahi kulijibu. Katika Mambo ya Walawi, cha majini kisicho na mapezi na magamba ni haramu kuliwa. Kambale wa ziwa letu la Nakivale hana magamba, mzee hamli. Kamba hana mapezi wala magamba, hata akipewa bure hamtaki. Je, mukene? Akavaa miwani, akachukua samaki mmoja mkavu, akamkwaruza kwa ukucha wa kidole gumba mpaka gamba likabanduka, akalitazama kwenye mwanga, akanunua vikombe viwili. Wasabato hapa ni wengi, Wakongo, Warundi na Wanyarwanda. Ukipanga lishe ya watu hawa bila kujua wanachokikataa, unapanga ya watu wengine.

Wasomali wa mtaa wa Base Camp, hapa Nakivale, wana habari yao. Kamba kwao ni halali, dini yao haiwakatazi, lakini waliotoka familia za wafugaji hawakukulia kwenye samaki, na harufu ya mukene iliwafukuza mezani kwangu kwa muda mrefu. Siku hizi wapo wanaokuja jioni, kimya kimya, na kutaka waliokaangwa tayari. Mzee mmoja Muhima, wa jamii ya wafugaji wa hapa, anayetuletea maziwa ameniambia kwamba babu yake hakuruhusu samaki wavuke lango la boma, na aliyekula samaki hakupewa maziwa ya ng'ombe wake. Yeye mwenyewe bado hali. Wajukuu wake wanakula shuleni na hawamwambii.

Nilisema baba alikuwa fundi wa jibini, na msomaji asidhani nalidharau. Ufundi ule uliletwa Masisi na mapadre wa Kibelgiji miaka ya 1970, na wenyeji wakauchukua ukawa wao. Sisi tuliliita fromaji. Kila asubuhi maziwa yalichujwa kwa kitambaa, yakapashwa moto mpaka baba aingize kiwiko na kusema basi, yakatiwa dawa ya kugandisha, na baada ya muda akapitisha kisu kwenye ule mgando akiukata vipande vidogo. Maji yakatoka, mgando ukatiwa kwenye vikebe vyenye matundu, ukagandamizwa kwa mawe usiku kucha, kisha ukazamishwa kwenye maji ya chumvi. Baada ya hapo lilikuwa suala la subira: mbao za kulalia, kila siku kugeuza, kila siku kupangusa ngozi yake mpaka iwe ya manjano na ngumu. Lita kumi za maziwa zilitoa kilo moja. Jibini la Masisi liliteremka Goma kwa lori, na likapanda ndege mpaka Kinshasa. Vita vya kila mara vimekula ng'ombe wa vilima vile, na tangu Goma ilipotekwa Januari 2025 watu wa kule wanaendelea kuingia hapa, wakiwemo wanaojua kazi hii vizuri kuliko baba.

Wanafika katika wilaya yetu ya Isingiro, ambayo wakati wa mvua haijui maziwa yaende wapi. Uganda inazalisha zaidi ya lita bilioni 3 kwa mwaka, na kusini magharibi ndiyo inayoongoza. Mvua za Machi mpaka Mei zikishuka, na zile za Septemba mpaka Desemba, majani yanaota, ng'ombe wanajaza, bei kwa mfugaji inaporomoka, miaka mingine hata chini ya shilingi 1,000 kwa lita. Mlango wa soko la nje nao ni wa kufunguka na kufungwa: Januari 2020 Kenya ilikamata maziwa ya Lato, Machi 2023 ikasimamisha uingizaji wa maziwa ya unga. Kila likitokea jambo kama hilo, mfugaji wa Isingiro ndiye wa kwanza kulia.

Mukene hufuata kalenda ya kinyume. Wavuvi huwavua usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti samaki, kwa hiyo bei inapanda kila mwezi mpevu. Mteja wangu anayeijua siku ya mwezi ananunua kabla. Mvua ikinyesha ufukweni samaki hawakauki, wanaoza au wanafika hapa wamelainika. Kiangazi ndicho msimu wao. Mvua ni ya maziwa, kiangazi ni cha dagaa, na ndiyo maana swali la kuchagua kimoja lilinishangaza. Mtu mwenye akili ya sokoni hachagui. Anakausha samaki wakati wa jua, anagandisha maziwa wakati wa mvua, na anapanga kila kimoja kiende kwa nani.

Kiende kwa nani ndiyo hoja yangu. Jibini liuzwe, mukene waliwe na watoto.

Nimeliona jibini kwenye friji la supamaketi moja ya Mbarara, kipande cha gramu 250 kikikaribia shilingi 10,000. Kamba wa barafu walikuwa kwenye friji la pili, nao bei yao ilinifanya nifunge mlango haraka. Kwa shilingi 2,000 mama wa hapa anaondoka kwangu na kikombe kinachotosha kuungia maharage siku mbili au tatu. Hiyo 2,000 yenyewe si ya mchezo. Mgao wetu wa chakula ulishushwa hadi asilimia 70 Aprili 2020, ukashuka hadi 60 Februari 2021, kuanzia katikati ya 2023 tukagawanywa katika makundi kwa kadiri ya shida ya kila nyumba, na 2025 wakimbizi kama milioni moja nchini Uganda wakaondolewa kabisa kwenye orodha. Hapa Nakivale wengi wa tuliobaki kwenye orodha tunapokea fedha, si magunia. Mwenye fedha kidogo hununua kinachojaza tumbo, yaani unga, na hakuna somo la lishe litakalombadilisha kama kikombe cha mukene wasafi kinazidi kupaa bei kwa sababu kuku wanakihitaji pia.

Ndiyo maana ninataka fedha za lishe zinunue samaki badala ya karatasi. Si jambo jipya. Pale hospitali ya Mulago, Kampala, kitengo cha lishe cha Mwanamugimu kimefundisha tangu miaka ya 1960 chakula cha mtoto kinachoitwa kitobero: ndizi au viazi, maharage au karanga, na kitu cha mnyama, vikipikwa pamoja na kupondwa. Mukene waliosagwa wamekuwa ndani ya chungu hicho tangu zamani. Mganda yeyote wa makamo aliyepita kliniki anakifahamu. Huku kwetu kinafundishwa pia, na kinafundishwa vizuri, ila mama akitoka darasani anakutana na bei yangu.

Shule zetu zinapika uji wa mahindi, wazazi tunachangia unga. Kijiko cha mukene waliosagwa kwa kila mtoto kingeubadilisha uji ule, na kisingeongeza gharama ya kutisha kama kingenunuliwa kwa tani moja kwa moja kutoka kwa wavuvi wa Lambu au Katosi, kwa sharti la chanja. Mnunuzi mkubwa anayesema "wa mchanga sinunui" anabadilisha ufukwe mzima. Mimi na vikombe vyangu siwezi. Wasage kidogo kidogo, kwa wiki, maana unga wa dagaa una mafuta na hauchelewi kuchacha. Na wasianze na uji mtamu wa sukari, watoto wataukataa na watoa misaada wataandika kwamba jamii haikupokea mradi. Waanze na mchuzi wa karanga. Mukene ndani ya karanga nimeona wakiliwa na mtoto wa Kisomali aliyekuwa akiziba pua asubuhi yake.

Kuna watakaosema kuku naye anageuka yai na nyama, kwa hiyo samaki hakupotea. Amepotea sehemu. Kuku anatumia sehemu kubwa ya protini aliyopewa kwa kuishi na kutembea, anarudisha kidogo, na kile kidogo kinauzwa kwenye hoteli za Mbarara kwa bei ambayo jirani yangu haiwezi. Siwachukii wafuga kuku. Ipo soya, yapo mashudu ya alizeti, wanaweza kuongeza hivyo na kupunguza samaki. Wapewe hata wale wa mchanga, mradi wasafi wasipite hapa na kuelekea kwenye viwanda vya chakula cha mifugo.

Kuhusu jibini, ombi langu ni dogo zaidi. Wasimamizi wa maziwa wa serikali wanataka leseni, chumba safi, maji na kipimo, na ni haki yao. Maziwa mabichi yanaweza kubeba kifua kikuu na homa ya kutupa mimba, na jibini la maziwa yasiyochemshwa vizuri ni hatari kwa mjamzito. Mafundi wa Masisi waliopo hapa wanaweza kufundishwa kuchemsha kwa kipimo badala ya kiwiko. Wanachokosa ni mtu wa kuwakutanisha na ushirika wa wafugaji wa Isingiro, mwezi wa Aprili, wakati maziwa yanakosa wanunuzi. Jibini la kukomaa miezi miwili likienda Mbarara na Kampala, kwa watalii wa mbuga ya Ziwa Mburo na mahoteli yao, fedha yake inarudi Nakivale. Na kwa fedha hiyo mama atanunua nini? Nimeshasema nina masilahi.

Mvua za Septemba zikianza mzigo utaharibika na bei itapanda. Sasa hivi jua ni kali, magunia ya chanja yanafika Kabazana kila wiki kupitia Mbarara, na mwezi mpevu umeshapita. Anayetaka kununulia shule aje na mizani yake, atusikilize sisi wauzaji, na akague kwa viganja vyake kabla ya kulipa.